Mkanda Mrefu, Sahani Ndogo: Historia ya Kipimo cha Muda katika Uhifadhi wa Sanaa za Maonyesho za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu fanani, hadhira na mazingira ya utendaji. Chombo kinachoibeba kazi baada ya utendaji kwisha hakijapata uzito kama huo, wala kipimo cha muda ambacho chombo hicho huilazimisha kazi kukifuata. Hata hivyo, kipimo hicho si jambo dogo. Mwanafunzi anayeketi maktabani kutazama onyesho la taarab lililochomwa kwenye DVD mwaka 2005 halioni onyesho lenyewe. Anaona kilichobaki baada ya mtu fulani kuamua namna ya kuziingiza saa tano katika sahani iliyokusudiwa kubeba saa mbili.

Mhadhara huu unaifuatilia historia ya uamuzi wa aina hiyo, kuanzia santuri za mwaka 1928 hadi sahani za kurekodia zilizoenea katika miaka ya 2000. Hoja yake kuu ni kwamba vyombo vya awali viliikata kazi mahali panapoonekana: upande wa santuri uliisha, kaseti ikageuzwa, mkanda ukakatika. Sahani ya kurekodia video ilileta ukataji wa namna nyingine. Muda wa kazi uliweza kubaki kamili, lakini habari zilizomo ndani ya muda huo zikapunguzwa bila mtazamaji kuambiwa. Kwa mtafiti wa lugha, ukataji huu wa pili una hatari zaidi, kwa kuwa unaonekana kama uhifadhi.

2.0 Kibaba cha Kulinganishia

Ili vyombo mbalimbali vilinganishwe kwa haki, inafaa kuchukua kazi moja na kuipima katika kila kimoja. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani, una beti zipatazo 1,150. Tuseme kila ubeti unaghaniwa kwa sekunde 15, pamoja na pumzi ya mghani baina ya ubeti na ubeti. Utendi mzima utachukua sekunde 17,250, yaani saa 4 na dakika 47 hivi. Mwendo huu ni wa kukadiria tu, kwa kuwa waghani hutofautiana na hadhira huwaharakisha au kuwachelewesha. Lakini kadirio hilo linatoa kibaba kimoja cha kupimia kila chombo.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba utendi wenyewe una kipimo chake cha ndani: mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne kwa kila ubeti, na kina cha mwisho kinachoziunganisha beti zote. Kipimo hicho kilitoka katika sanaa na kinaitumikia sanaa. Vipimo vitakavyojadiliwa hapa vilitoka viwandani, navyo viliwekwa na watu ambao hawakuufikiria utenzi, taarab wala ngoma.

3.0 Santuri, Kaseti na Mkanda wa Video

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa ajili ya lebo ya His Master's Voice. Safari hiyo inajulikana sana katika historia ya taarab, na Shaaban Robert ameyahifadhi maisha ya msanii huyo katika Wasifu wa Siti binti Saad. Jambo linalohusika hapa ni upana wa chombo kilichowangoja huko. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kwa upande mmoja. Wimbo ambao barazani ungerudiwa, ungetunzwa na kurefushwa kwa kadiri ya furaha ya wasikilizaji, ulitakiwa kuisha kabla sindano haijafika katikati ya santuri.

Kwa kibaba chetu, upande mmoja wa santuri ungebeba beti 12. Utendi wa Tambuka ungehitaji pande 96, yaani santuri 48. Ni dhahiri kwamba chombo hicho hakikuwa na nafasi kwa tendi ndefu, na kwamba kilichoingia humo ni tungo fupi au tungo zilizofupishwa. Mtafiti anayekisia urefu wa wimbo wa taarab wa miaka ya 1920 kwa kutumia santuri pekee anapima chombo, wala hapimi wimbo.

Kaseti ya sauti, iliyoletwa sokoni na Philips mwaka 1963, iliupanua mlango huo. Kaseti ya dakika 90 ilibeba dakika 45 kila upande, na utendi uliohitaji santuri 48 ukaingia katika kaseti nne. Mkanda wa video wa VHS, uliotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, ukaleta picha na muda pamoja. Mkanda wa aina ya E-180 ulibeba saa tatu. Tanzania Bara vituo vya televisheni vya watu binafsi vilianza mwaka 1994, na kabla ya hapo kwa watu wengi wa huko televisheni ilikuwa na maana ya deki na mkanda wa kuazima. Harusi, taarab, maulidi na ngoma vilirekodiwa kwa mikanda hiyo kwa kirefu ambacho hakikuwahi kuwezekana kabla, kwa sababu mpigapicha aliweza kuiacha kamera iendelee.

Mkanda, hata hivyo, ulikuwa na aibu zake. Nakala ya nakala ilififia, rangi zikachuja, sauti ikavuma. Lakini uharibifu huo ulijitangaza. Aliyetazama mkanda uliodurufiwa mara tano alijua kwamba anatazama nakala iliyochoka.

4.0 Sahani ya Sentimita 12

Sahani ya CD iliingia sokoni Japani mwaka 1982, ikiwa ni matunda ya ushirikiano wa Philips na Sony. Upana wake ni sentimita 12, na muda uliowekwa kuwa kikomo chake ulikuwa takriban dakika 74. Husimuliwa mara nyingi kwamba muda huo ulichaguliwa ili Simfonia ya Tisa ya Beethoven iingie yote katika sahani moja. Baadhi ya wahandisi waliohusika wameeleza kwamba ushindani wa kibiashara ulikuwa na uzito zaidi. Vyovyote iwavyo, kipimo kilichoamuliwa kwa ajili ya muziki wa Ulaya ndicho kilichokuja kuzigawa filamu na taarab za pwani ya Afrika Mashariki.

Mgawanyo huo ulipitia VCD, kiwango kilichotangazwa mwaka 1993. VCD iliiingiza video katika sahani ya CD ya kawaida kwa kutumia mbinu ya ubanaji iitwayo MPEG-1. Picha ilipewa kilobiti 1,150 kwa sekunde na sauti kilobiti 224. Hesabu hizo zilichaguliwa ili sahani izunguke kwa kasi ileile ya CD ya muziki. Kwa hiyo sahani ya dakika 74 za muziki ilibeba dakika 74 za video, na ile ya dakika 80 ikabeba dakika 80. Gharama yake ilikuwa ukali wa picha. Picha ya VCD katika mfumo wa PAL ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa urefu, karibu robo tu ya nukta za picha kamili ya televisheni.

Wapenzi wa sinema za Kihindi, ambao ni wengi tangu zamani Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, waliuona mpaka huo wazi. Filamu kama Sholay (1975), yenye zaidi ya saa tatu, ilihitaji VCD tatu. Watengenezaji wake walikuwa wameipangia mapumziko mamoja ya katikati, yaliyowekwa mahali ambapo kisa kinamwacha mtazamaji na hamu. VCD ziliongeza mapumziko mengine mahali popote dakika zilipokwisha, hata kama ni katikati ya wimbo. Kwa kibaba chetu, Utendi wa Tambuka ungehitaji VCD nne.

5.0 Hesabu ya Kuziingiza Saa Tano

DVD ilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996. Aina yake ya kurekodiwa mara moja, DVD-R, ilifuata mwaka 1997, na hatimaye ujazo wa baiti bilioni 4.7 ukawa wa kawaida. Bei za sahani tupu na za vifaa vya kuchomea ziliposhuka katika miaka ya 2000, jambo jipya lilitokea katika historia hii. Kazi ya kuamua nini kiingie katika chombo iliwatoka wahandisi wa Bombay na viwanda vya Asia, ikaangukia mikononi mwa mpiga video wa mtaani, katibu wa kikundi cha taarab na mtunza maktabani. Kitenzi "kuchoma" nacho kikapata maana ya ziada: kuandika data kwenye sahani kwa mwali wa leza. Aliyechoma ndiye aliyeamua.

Hesabu aliyokabiliana nayo inaeleweka kwa kugawanya tu. Baiti bilioni 4.7 ni biti bilioni 37.6. Picha kamili ya PAL ina nukta 720 kwa 576, nazo hubadilishwa mara 25 kwa sekunde. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 24 bila kubanwa, sekunde moja itakula biti zipatazo milioni 249, na DVD nzima itajaa kwa dakika mbili na nusu. Kwa maneno mengine, bila ubanaji, sahani hiyo ya kisasa ingebeba muda mfupi kuliko upande mmoja wa santuri za mwaka 1928.

Ubanaji ndio uliofanya yote yawezekane. Msingi wake wa nadharia uliwekwa na Claude Shannon mwaka 1948, alipoonyesha kwamba habari zinaweza kupimwa kwa biti na kwamba kila ujumbe una kikomo ambacho hauwezi kubanwa zaidi yake bila kupoteza kitu. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao walichapisha mbinu ya kihisabati ya kutenganisha mabadiliko makubwa ya picha na yale madogo, ili yale madogo yaweze kutupwa kwanza. MPEG-2, kiwango kinachotumiwa na DVD, kinajenga juu ya kazi hizo. Huihifadhi picha moja kwa ukamilifu wake, kisha picha kadhaa zinazofuata huziandika kwa tofauti zake tu. Penye utulivu, tofauti ni chache na biti zinatosha. Penye mwendo, tofauti ni nyingi, na biti zikipungua picha huvunjika katika vipande vya mraba.

Kwa kuwa ujazo wa sahani haubadiliki, kila dakika inayoongezwa hupunguza biti za dakika nyingine zote. Video ya saa mbili hupata megabiti 5.2 hivi kwa sekunde, na picha yake ni nzuri. Video ya saa tatu hupata megabiti 3.5. Video ya saa nne hupata 2.6, na ya saa sita 1.7. Mashine za kurekodia DVD za nyumbani ziliuficha mgawanyo huo nyuma ya herufi: XP kwa saa moja, SP kwa saa mbili, LP kwa saa nne, EP kwa saa sita. Mtumiaji alibonyeza kitufe akidhani anachagua muda, kumbe alikuwa anachagua kiasi cha kutupa.

Utendi wa Tambuka ulioghaniwa mbele ya kamera, ukichomwa wote kwenye DVD-R moja, ungepata megabiti 2.2 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Maana yake ni kwamba kwa kila biti moja iliyobaki, zaidi ya biti mia moja zimeondolewa. Kwa picha ya mghani mmoja aliyeketi kwenye mkeka, ukutani nyuma yake pakiwa patupu, hasara hiyo haionekani sana. Sauti pia husalimika, kwa sababu huhitaji sehemu ndogo ya biti hizo. Lakini sanaa za Waswahili haziishii kwa mghani mmoja mbele ya ukuta mtupu.

Mchomaji alikuwa na njia tano. Aliweza kuigawa kazi katika sahani mbili na kuitunza picha. Aliweza kupunguza idadi ya nukta, kwa mfano kutoka 720 hadi 352 kwa upana, ili biti chache zitosheleze. Aliweza kuiamuru programu ipitie video mara mbili, mara ya kwanza kuchunguza sehemu zenye mwendo na mara ya pili kuzigawia biti kwa haki. Njia hii ilikula muda mwingi wa kompyuta, mara nyingi usiku kucha. Aliweza, kuanzia mwaka 2004, kununua sahani ya tabaka mbili yenye baiti bilioni 8.5, ambayo ingeupa utendi wetu megabiti 3.9 kwa sekunde, lakini kwa bei kubwa zaidi. Na aliweza kuikata kazi yenyewe. Njia rahisi kuliko zote ilikuwa ile isiyohitaji uamuzi: kuiachia programu "iitoshelezee" video kwenye sahani. Programu ilitii, na sahani ikatoka imejaa.

6.0 Kinachopotea Kwanza

Ubanaji hautupi ovyo. Hutupa kwanza vitu vidogo na vile vinavyokwenda kwa haraka, kwa kudhani kwamba jicho la mtazamaji halivihitaji. Dhana hiyo inaweza kufaa kwa filamu ya kisa. Kwa onyesho la taarab, vitu vidogo na vya haraka mara nyingi ndiyo maana yenyewe.

Mfano wa wazi ni maandishi ya kanga. Mwanamke anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji huchagua wimbo wa kuinukia, na mara nyingine huchagua kanga ya kujifunga kabla hajatoka nyumbani. Jina la kanga hujibizana na maneno ya wimbo, na hadhira inayomfahamu husoma yote mawili kwa pamoja. Kwa mtafiti wa mipasho, maandishi hayo ni sehemu ya matini.

Tuchukue kwamba mwanamke huyo anajaza thuluthi ya urefu wa picha, na upana wa mwili wake ni moja ya nane ya upana wa picha. Katika VCD, upana huo ni nukta 44. Methali kama "Mgeni njoo mwenyeji apone" ina herufi 22, mbali na nafasi baina ya maneno. Ikienea upana wote wa mwili, kila herufi itapata chini ya nukta mbili. Hakuna herufi ya Kirumi inayoweza kutambulika kwa nukta mbili. Katika DVD kamili upana huo ni nukta 90, na kila herufi hupata karibu nne. Kwa msaada wa anayeijua methali, maneno yanaweza kukisiwa. Lakini mchomaji akishusha nukta hadi 352 ili saa tano ziingie, maandishi yanarudi katika giza la VCD. Wimbo utasikika wote tangu mwanzo hadi mwisho. Jibu lake lililovaliwa mwilini halitasomeka, wala hakuna kitakachomwonyesha mtazamaji kwamba palikuwa na jibu.

Vivyo hivyo kwa ngoma. Miguu ya wachezaji wa msewe, mikono ya waimbaji wa lelemama, vidole vya mpigaji wa kanuni: vyote ni mwendo wa haraka katika eneo dogo. Ndivyo vinavyogeuka miraba ya rangi pale biti zinapokwisha. Isitoshe, mwendo huzidi pale onyesho linapopamba moto, hadhira inapoinuka na noti zinapopeperushwa. Kwa hiyo sahani iliyojazwa kupita kiasi huwa dhaifu kuliko kote katika dakika ambazo mtafiti anazihitaji kuliko zote.

7.0 Kufupisha ya Zamani, Kurefusha Mapya

Chombo hakikukata tu, kilirefusha pia. Sinema za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam kwa video, ambazo umaarufu wake ulikua baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, ziliuzwa kwa VCD na baadaye DVD. Desturi ikajengeka ya kuitoa filamu moja katika Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja ikiwa na kava lake na bei yake. Sababu ilikuwa ya kibiashara: kisa kimoja kilileta mauzo mawili. Watazamaji wengi walilalamikia safari za gari zisizofika, matembezi ya ufukweni na simu zinazolia bila kupokelewa. Mandhari hizo zilikuwa na kazi ya kujaza sahani. Msomi atakayeuchambua msuko wa filamu hizo bila kuijua sahani iliyozibeba anaweza kumlaumu mtunzi kwa kosa la kipimo.

Upande wa pili wa barabara, wachuuzi waliuza DVD zisizo halali zilizosheheni filamu kumi au zaidi katika sahani moja. Hesabu ni ileile. Filamu kumi za dakika 90 zikibanwa katika sahani ya baiti bilioni 4.7 kila moja hupata megabiti 0.7 kwa sekunde, chini ya kiwango cha VCD. Mnunuzi alihesabu filamu, hakuhesabu biti. Miongoni mwa sahani za mitaani zilikuwamo pia filamu za kigeni zilizoingizwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, yule aliyefasiri, kufafanua na kutania juu ya sauti ya awali. Usimulizi huo ni utanzu wa fasihi simulizi uliozaliwa katika vibanda vya video. Mara nyingi haukuandikwa popote, na nakala zake zilizobaki ni hizohizo sahani za bei ndogo. Lugha ya mjini ya kipindi kizima imo humo, imebanwa na inaendelea kuzeeka.

Kipimo hakikutoweka hata video ilipohamia mtandaoni. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, iliweka kikomo cha dakika 10 kwa video za watumiaji wa kawaida mwaka 2006, na kukiongeza hadi dakika 15 mwaka 2010. Nyimbo ndefu za taarab na mihadhara ya dini zikapandishwa kwa sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama zilivyofanya santuri kwa pande zake.

8.0 Umri wa Sahani

Kuna hatari nyingine iliyofichwa na jina la chombo. Sahani ya kiwandani hupigwa chapa kama sarafu, lakini sahani ya kurekodia huhifadhi data katika rangi ya kikemikali inayobadilishwa na leza. Rangi hiyo huathiriwa na mwanga, joto na unyevu. Mwaka 2006 UNESCO ilichapisha utafiti wa Kevin Bradley ulioonya kwamba CD na DVD za kurekodia si chombo cha kutegemewa kwa hifadhi ya nyaraka, isipokuwa pawe na upimaji wa mara kwa mara wa makosa na mpango wa kuhamishia data mahali pengine.

Onyo hilo lilikuja wakati ambapo mikanda mingi ilikuwa inahamishiwa kwenye sahani. Shughuli hiyo iliitwa uhifadhi. Pale mkanda ulipotupwa au kurekodiwa juu yake baada ya kuchomwa DVD, sahani iliyobanwa ikawa ndiyo asili. Mkanda wa VHS ulioshughulikiwa vizuri ungeweza kusomwa upya kwa kifaa bora zaidi, na biti nyingi zaidi kupatikana. Sahani haina akiba hiyo: kilichotupwa na ubanaji hakirejeshwi na kifaa chochote. Mkanda unapozeeka hufifia polepole, na mwenye macho huuona. Sahani huonekana nzima hadi siku deki inapokataa kuisoma.

9.0 Hitimisho

Historia hii haidai kwamba wachomaji walikosea. Wengi wao walikuwa na sahani moja mkononi, onyesho la saa tano kwenye mkanda na mteja mlangoni. Bila wao, sehemu kubwa ya sanaa za maonyesho za miaka ya 1980 hadi 2000 isingesalia hata katika hali iliyobanwa. Inachodai ni kwamba kazi iliyohifadhiwa isisomwe bila kukisoma chombo chake.

Kwa wanafunzi na watafiti, yapo mambo manne yanayotokana na hoja hii. Kwanza, matini iliyonukuliwa kutoka kwenye sahani itajwe pamoja na aina ya sahani, idadi ya nukta za picha, kiwango cha biti kwa sekunde na muda wa video, kama vile mhariri wa hati ya Kiarabu anavyotaja ukubwa wa karatasi na kurasa zilizopotea. Programu za kawaida za kuchezea video huonyesha habari hizo kwa muda mfupi. Pili, muda wa onyesho lenyewe utafutwe kwa wahusika wangali hai, ili ijulikane kama sahani imebeba yote. Tatu, ukimya wa picha usichukuliwe kuwa ushahidi. Kutosomeka kwa kanga katika VCD hakumaanishi kwamba haikuwa na la kusema, na aliyeivaa au shoga yake aliyeketi karibu anaweza bado kulikumbuka jina lake.

La nne ndilo la haraka. Kompyuta nyingi mpya haziji tena na sehemu ya kuingizia sahani, na deki za DVD zinazidi kupungua madukani. Sahani zilizomo katika makabati ya vikundi vya taarab, maktaba na nyumba za watu zinakiliwe sasa, baiti kwa baiti, bila kubanwa mara ya pili. Baiti bilioni 4.7 zilizokuwa mzigo mkubwa mwaka 2000 leo zinaingia katika kona ndogo ya diski ya kawaida. Na pale mkanda wa asili unapopatikana juu ya kabati, ndani ya boksi lake la plastiki, usitupwe kwa sababu tu "upo kwenye DVD". Uanzwe upya kutoka hapo.